Besi ya Baadaye

Jina lake halisi analijua mkewe na karani wa vitambulisho, na wote wawili hawalitumii. Watu wengine wote humwita Baadaye. Jina hilo alipewa na mpiga drams wa bendi yake, ambaye mchana ni kinyozi na kwa hiyo amezoea kumwambia mtu mambo mabaya kwa upole huku wembe uko shingoni. Bendi ilikuwa ikianza wimbo, wote wakiingia kwa pamoja, kisha, baada ya kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho lakini kirefu cha kutosha kumkera mtu mwenye akili timamu, gitaa lake la besi nalo likaingia.

"Wenzake wanapiga ya sasa," kinyozi alisema siku moja. "Yeye anapiga ya baadaye."

Likawa jina. Mwenyewe alidhani ni sifa, kwamba wanamwona mtu wa kesho, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Kwa kazi ni fundi wa kuchomelea. Hutengeneza mageti, madirisha ya nondo, na shule zinapokaribia kufunguliwa, vitanda vya bweni. Karakana yake ni chumba cha bati kwenye safu ya vyumba vya bati, ambako kila mlango una mtu anayekata chuma, anayekigonga au anayekisugua. Miaka ya kukaa humo imempa mikono isiyoogopa moto, suruali yenye matundu madogo madogo ya cheche, na masikio yasiyofanya kazi. La kulia lilistaafu kabisa. La kushoto lilibaki kama mlinzi wa zamu ya mchana: lipo, lakini usilitegemee. Grenda, ile mashine ya kukatia chuma, haimli mtu sikio kwa mpigo mmoja. Huanza na sauti nyembamba. Kwa Baadaye zilitangulia "s" na "sh", zikafuata kengele, wakafuata ndege, kisha wanawe.

Hakujua kwamba hasikii. Alijua tu kwamba watu wa siku hizi hawafungui mdomo.

Besi aliisikia kwa nyonga, pale gitaa lilipomwegemea. Mdundo aliuona. Alisimama kando ya kinyozi na kukazia macho mguu wake wa kulia kwenye pedali ya ngoma kubwa. Mguu ukishuka, jicho linaona, kichwa kinapata habari, mkono unatumwa. Kati ya mguu na mkono palikuwa na safari fupi, na usanii wake wote ulikuwa ndani ya safari hiyo. Hakuna aliyelijua hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutolijua.

Bendi ilijiita Zege. Kiongozi wake, ambaye ndiye aliyeimba na kupiga gitaa, walimwita Mhadhiri kwa sababu alifundisha vipindi vichache kwenye chuo cha biashara na hakuweza kuomba hata chumvi bila kuanza na neno "kimsingi".

"Kimsingi ni mchanganyiko," aliwaeleza wenzake siku ya kuchagua jina. "Roki ndiyo kokoto. Dansi la wazee wetu ndiyo mchanga. Kwaya ndiyo saruji."

"Na maji?" kinyozi akauliza.

"Maji ni sisi."

"Ndiyo maana tunavuja."

Saruji ililetwa na dada mmoja mpiga kinanda wa kanisani, aliyepiga hata nyimbo za mapenzi kana kwamba kuna mtu anakaribia kubatizwa. Walifanya mazoezi kila Jumamosi nyuma ya saluni ya kinyozi, kati ya ndoo na viti vilivyovunjika mgongo, na Mhadhiri aliyarekodi kwa simu iliyowekwa juu ya kimojawapo cha viti hivyo. Wimbo ulianza na gitaa la kufoka, ukateleza kwenye dansi, ukaishia kwenye kiitikio cha kusimamisha waumini. Mpita njia alidhani kuna redio tatu zinagombana.

Kila kitu alichowahi kutengeneza Baadaye kilikuwa cha kufungwa na kufunguliwa. Geti halina jina la mtu. Linapakwa rangi, linagongwa na gari, mbwa wanalikojolea, na hakuna mgeni aliyewahi kusimama mbele yake akauliza ni mkono wa nani. Kwa hiyo Mhadhiri alipoanza kuzungumzia albamu, Baadaye hakuuliza itauzwa wapi. Aliuliza kama nyuma yake huandikwa nani kapiga nini. Akaambiwa huandikwa. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani, na kwa mtu wa umri wake hilo ni jambo la hatari.

Mhadhiri alimpelekea rekodi za simu prodyuza mmoja anayeheshimika, mtu aliyekuwa amechoshwa na muziki wote, ukiwemo wake. Prodyuza alisikiliza nyimbo mbili akiwa anakula. Kwenye wa tatu akaacha kula. Alisema gitaa analo popote, sauti anazo popote, kinanda akitaka ataenda kanisani, lakini hiyo besi inayofika mlangoni wakati wageni wameshakaa hajawahi kuisikia. Albamu ataifanya kwa ajili ya besi. Isiguswe.

Mhadhiri, ambaye ndiye gitaa na sauti zinazopatikana popote, alikwenda karakana kufikisha ujumbe huo akiwa na uso wa mtu anayepeleka keki ya harusi ya mchumba wake wa zamani. Ilikuwa asubuhi, kazi imepamba moto. Chumba cha jirani mtu alikuwa anakata bomba.

"Karibu, Mhadhiri. Kanyaga pale, hapa pana moto."

"Prodyuza kasikiliza. Kakubali."

"Kakubali?"

"Kakubali. Kasema mengi kuhusu besi."

Baadaye akaweka chini kishikio cha kuchomelea. "Kasemaje?"

Mhadhiri alikuwa upande wa kushoto, upande wenye matumaini. Alisema kwa sauti ya kutosha, tena kwa herufi zote: "Anasema besi yako usiibadilishe."

Sasa, lugha yetu imelikabidhi katazo kwa silabi moja. Ni "si", haina uzito, inakaa katikati ya kitenzi kama mtu mwembamba aliyebanwa kwenye benchi, na ikishuka hakuna anayeona pengo. Bomba la jirani lililia. Silabi ikashuka. Kilichomfikia Baadaye ni kwamba prodyuza anasema besi yake aibadilishe.

"Kasema hivyo?"

"Kwa kusisitiza."

"Yote?"

"Kila wimbo. Kasema hilo ndilo sharti lake."

"Sawa," Baadaye alisema, na uso ukamshuka. "Nimeelewa."

Mhadhiri aliuona ule uso akaufurahia. Alikuwa ameogopa kwamba sifa zitampandisha kichwa mtu asiye na vyeti. Alirudi chuoni akiwa na heshima mpya kwa unyenyekevu wa mafundi.

Jioni, wakati wa kula, Baadaye alimuuliza mkewe, "Hivi mimi nachelewa?"

"Kwenye nini?"

"Kwenye muziki."

"Muziki sijui. Kujibu unachelewa. Wewe husikii, baba watoto. Nimekwambia mara ngapi?"

"Hujawahi kuniambia."

"Ndicho ninachosema."

Mdogo wa mke ni muuguzi kwenye kliniki ya masikio. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwangalia shemeji yake kama daktari wa meno anavyomwangalia mtu anayetabasamu. Fundi alipomwendea, alimpokea bila maswali, akamkalisha ndani ya kiboksi cha kupimia masikio, akambonyezea sauti ambazo yeye aliapa hazipo, kisha akamvalisha kwenye sikio la kushoto kifaa kidogo chenye rangi ya ngozi isiyo ya mtu yeyote anayemfahamu.

"Unanisikiaje, shemeji?"

"Usipige kelele."

"Sijapiga."

Siku za mwanzo za kusikia husimuliwa na watu kama siku za heri. Baadaye alirudi nyumbani akagundua kwamba geti lake mwenyewe linalia kama mbuzi, na kwamba mtaa mzima umelizoea. Aligundua kwamba mkewe hushusha pumzi kila yeye anapoanza kuzungumza. Aligundua kwamba wanawe wana mchezo: mmoja anaweka kiganja nyuma ya sikio na kusema "Nani? Nini?", mwingine anacheka mpaka anakaa chini. Walikuwa wakiucheza hapo hapo sebuleni, nyuma ya kiti chake, kama ilivyokuwa siku zote.

Hakuwaambia bendi. Alinunua kofia ya sufu ya kufunika masikio, kwa sababu alitaka iwe ghafla: siku ya kurekodi aingie na wenzake kwa pamoja, wageuke wamwangalie. Jumamosi iliyofuata alikwenda mazoezini nayo, jasho likimtiririka, akasimama kona yake akikaza nyuzi. Kinyozi na Mhadhiri walikuwa nyuma yake wakifunga stendi. Hawakunong'ona. Wangenong'ona kwa nini?

"Fundi anaendeleaje?" Mhadhiri akauliza.

"Ndivyo hivyo unavyomwona. Ukimwambia habari za asubuhi anasema nzuri. Ukimwambia nyumba yako inaungua anasema nzuri."

"Akisharekodiwa, basi. Jukwaani kimsingi tunahitaji mtu wa kuelewana naye. Nimempata mmoja, yupo benki. Anapiga vizuri, na ukimwita anageuka."

"Na huyu nani atamwambia?"

"Wewe si ndiye unayejua kuongea na watu?"

"Naweza kumwambia hata sasa," kinyozi akasema, na bila kubadilisha sauti akamwelekea mgongoni. "Baadaye, tunakuacha, baba. Nenda kachome mageti."

Baadaye aliendelea kuzungusha kishikio cha uzi. Uzi ulikuwa umeshakaza vya kutosha.

"Umeona?" kinyozi akasema. "Hana kinyongo hata kidogo."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Ni kile cha watu walio kazini. Baadaye alipiga nyimbo zote siku hiyo akiwa amekizima kifaa, akitazama mguu kama kawaida, na wakati wa kuagana alisema kwamba amepata kazi ya mageti, hatafika tena mpaka siku ya kurekodi. Walimruhusu haraka.

Mwenye busara angewauliza. Yeye alijumlisha. Prodyuza anataka besi ibadilike, bendi inataka kumtupa. Kosa ni moja, kuchelewa, na dawa ni moja. Akapakua kwenye simu programu inayogonga tik, tik, tik, akaiweka karibu na sikio la kushoto, na kila alipofunga kazi alibaki karakana akipiga nyimbo za Zege mpaka mkono ukaacha kusubiri kutumwa. Mwili wa mtu mzima ni mgumu kufundishwa. Ubaya wake ni kwamba ukishafundishwa hausahau. Ilifika mahali mkono ukawa unaangukia juu ya ile tik na kuifunika kabisa, kama kifuniko juu ya sufuria yake. Mkewe, aliyempelekea chakula siku moja akamkuta amefumba macho anapiga, alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Naona sasa unawahi," alimwambia.

Alikuwa hajasikia neno tamu kuliko hilo tangu arudishiwe sikio.

Studio ilikuwa ghorofani, ukutani wamepigilia magodoro. Drams, gitaa na kinanda vilikuwa vimeshaingizwa, ilibaki besi. Wote walikuwepo, wamekaa kwenye kochi moja. Baadaye akavua kofia. Waliona kifaa, na kinyozi akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Wimbo wa kwanza aliupiga bila kosa. Prodyuza aliusimamisha kabla haujafika kwenye kiitikio.

"Hapo unapasha mkono?"

"Hapana. Ndiyo yenyewe."

"Rudia."

Akarudia. Kila noti ilitua mahali pake. Prodyuza akazungusha kiti, akamtazama Mhadhiri. "Huyu ndiye yule wa kwenye simu?"

"Ndiye."

"Yule anachelewa."

"Nimeacha," Baadaye akasema. Alikuwa anatabasamu. "Ulisema niibadilishe. Nimeibadilisha."

Prodyuza akawageukia wa kwenye kochi.

"Nani kamwambia aibadilishe?"

"Mimi nilimwambia usiibadilishe," Mhadhiri akasema.

"Uliniambia uibadilishe."

"U-si-i-badilishe."

"Hukusema si."

"Nilisema."

"Basi sikuisikia," Baadaye akasema, na tabasamu lilikuwa bado lipo usoni kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliambia liondoke.

Walijaribu kumrudisha. Walimvua kifaa wakakiweka juu ya meza, kwenye kisahani cha majivu. Walimleta kinyozi, wakamkalisha mbele yake, wakamwambia akanyage sakafu na fundi atazame mguu. Mguu ulishuka; mkono ulikuwa umeshafika unausubiri. Wakamwambia achelewe kwa makusudi. Akachelewa. Prodyuza alisikiliza akiwa ameshika paji la uso.

"Sasa unachelewa kama mtu mwenye sababu," alisema. "Zamani ulikuwa unachelewa kama mtu mwenye haki."

Hatimaye alifanya wafanyavyo watu wa fani yake. Alichukua zile rekodi za simu, akakata vipande vyenye besi nzuri, akavisafisha, akavipanga, akavirudia mpaka nyimbo zikajaa. Pamoja na besi uliingia pia mlio wa kile kiti kibovu, ambao baadaye uliandikwa kwenye magazeti kama uthubutu.

Albamu iliitwa Usikanyage, Zege Bichi. Ilitoka mtandaoni, na nakala chache za CD kwa wenye magari ya zamani. Jalada lilikuwa wazo la Mhadhiri: wote wanne wamesimama kwenye jengo lisilokwisha, na Baadaye kavaa kinyago cha kuchomelea, uso hauonekani. Nyuma iliandikwa: Besi, Baadaye. Alipewa nakala yake, akalisoma neno hilo, na kwa haki kabisa angeweza kusema amepata alichotaka. Mkono ni wake, jina ni lake. Tatizo pekee ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa tena mtu huyo.

Wa kwanza kuipenda alikuwa mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na hajutii. Aliipiga albamu asubuhi, akaipiga na jioni. Alisema amesikia roki nyingi zinazojichanganya na kila kitu, na nyingi ni vurugu. Hii ina mtu mmoja anayeishikilia, na mtu huyo ni besi. "Sikilizeni anavyoburuta mguu," alisema. "Huyu ni mtu aliyekataa kuharakishwa. Kuna falsafa hapo." Watu wakaanza kupiga simu kuizungumzia falsafa hiyo. Mmoja alisema tangu aisikie ameacha kugombana na wafanyakazi wake.

Baadaye aliyasikia yote karakana, kwa kifaa, neno kwa neno. Kazi ikipungua alichukua gitaa na kujaribu kupiga pamoja na albamu. Haikuwezekana. Kila noti alijitangulia mwenyewe. Alikuwa anasimama mlangoni anajingoja, na aliyekuwa anakuja hakuwa na haraka yoyote.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chama cha walimu. Yule wa benki alikuwa tayari. Alikuwa amejifunza kuchelewa kutoka kwenye albamu, kwa bidii, kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Lakini mtangazaji alikuwa ameshawaahidi wasikilizaji kwamba watamwona Baadaye kwa macho. Mhadhiri akaenda tena karakana.

"Nisaidie, ndugu yangu. Simama tu."

"Nisimame tu?"

"Kimsingi usogeze na vidole. Waya hautaunganishwa. Besi itatoka kwenye mashine ya prodyuza. Ni wewe yule yule, hakuna uongo."

Baadaye aliangalia kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka. "Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaangalia," Mhadhiri akasema, na wote wawili wakamwona akilini yule wa benki, kila mtu kwa upande wake.

Alikubali. Mkewe alikuwa ameshawaambia majirani, na shati lilikuwa limeshapigwa pasi.

Ukumbi ulijaa. Kinyago hakukivaa kwa sababu ya joto. Alisimama kando ya kinyozi, akasogeza vidole, na kutoka kwenye spika ilitoka besi yake ya zamani, inafika wageni wameshakaa, na ukumbi ukawa unaguna kwa raha kila ilipofika. Alikuwa anasikia yote. Mkewe na shemeji yake walikuwa safu ya tatu. Kwa urefu wa nyimbo nne alikuwa mtu ambaye jina lake limeandikwa nyuma ya jalada, na hata kinyozi, baada ya wimbo wa nne, alimkonyeza.

Hapo mtangazaji akapanda jukwaani na maiki yake. Hakuna aliyekuwa amempanga.

"Samahanini, siwezi kuvumilia," aliuambia ukumbi, kisha akamgeukia. "Kaka, siri ya kuchelewa namna hii ni nini?"

"Nilikuwa sisikii," Baadaye akasema.

Ukumbi ulicheka kwa mapenzi. Ulikuwa unapenda wasanii wenye majibu mafupi.

"Tuonjeshe basi. Peke yako."

Mtu mmoja wa mitambo, anayeipenda kazi yake, akaona waya uko sakafuni akauchomeka.

Mtu hawezi kuchelewa peke yake. Lazima awepo mwingine aliyewahi. Kinyozi alilielewa hilo, au alitaka tu kusaidia, akaanza kumpa mdundo. Baadaye akautazama ule mguu kwa nguvu zake zote, na akapiga. Alipiga sawasawa. Noti zilisimama zimenyooka, zimelingana nafasi, kama nondo za dirisha. Akaendelea kidogo, akitegemea kwamba huenda mbele kidogo atachelewa. Kisha akaacha.

Ukumbi haukuzomea. Watu walitazamana kwa adabu, na adabu ni mbaya zaidi. Kutoka nyuma sauti moja ikasema, bila ubaya, kama mtu anayesahihisha bei: "Siyo yeye huyo."

"Siyo yeye," wengine wakakubali.

Mtangazaji alimwangalia Baadaye kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja. "Ndiye au siye?" akamuuliza Mhadhiri.

Mhadhiri alichukua maiki. Inafaa kusema kwamba alisita. Alisita kwa muda ambao prodyuza angeupenda.

"Naomba radhi, kimsingi mmetukamata," alisema. "Huyu ni fundi wetu wa mageti. Mtu mwema sana, ametushikia nafasi tu. Baadaye mwenyewe atakuja baadaye."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kikasamehe kila kitu. Mtangazaji naye akacheka. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha habari, akamsogezea fundi maiki. "Kweli, fundi?"

Kifaa kilimletea kila kitu: feni za darini, viti vinavyosogea, shemeji yake akisema "Mungu wangu," na mkewe, kwa sauti ya chini ambayo zamani isingemfikia kamwe, akisema, "Sema. Waambie."

Awaambie nini? Picha ina kinyago. Jina ni la utani. Ushahidi pekee aliokuwa nao ni mkono wake, na mkono ulikuwa umeshatoa ushahidi mbele ya watu wote. Akamtazama kinyozi, aliyekuwa anakaza kitu kwenye ngoma yake. Akamtazama dada wa kinanda. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kwenye sala, na ndivyo alivyokuwa siku zote.

"Kweli," akasema kwenye maiki.

Wakampigia makofi mazuri. Mtu mnyoofu hupigiwa makofi. Mhadhiri akamshika bega akamteremsha, na yule wa benki akapanda, akavaa gitaa lile lile likiwa bado na joto, akapiga. Alichelewa vizuri sana. Ukumbi ulisimama. Sauti ya nyuma ikasema, "Sasa huyu ndiye," na kijana wa benki akakana kwa kichwa, kwa haya, na ndivyo walivyozidi kuamini.

Mkewe hakumsubiri. Shemeji alibaki mlangoni kidogo, kisha akaenda kumfuata dada yake.

Baadaye alikuwa nje anasaidia kupakia spika, kwa kuwa alikuwa ametambulishwa kama mtu wa kusaidia, pale bwana mmoja mnene, nakala ya albamu mkononi, alipomkaribia.

"Fundi. Nimesikia wewe ni wa mageti."

"Ndiyo, mzee."

"Ya kuteleza unatengeneza?"

"Natengeneza."

"Njoo kesho upime kwangu." Akamwelekeza nyumba. Kisha akageuza jalada, akaweka kidole nyuma, juu ya neno. "Na huyu bwana unafahamiana naye?"

"Kidogo."

"Ni mtu wa namna gani?"

Baadaye alifikiri. "Mtu wa kawaida tu. Hasikii vizuri."

"Wenye vipaji hawamsikilizi mtu," yule bwana akasema, ameridhika kabisa na maelezo hayo. "Mimi nimefiwa mwaka huu, fundi. Sikuwa nalala. Naiweka hiyo besi yake, nalala. Ukimwona, mpe salamu zangu."

"Zimefika."

"Watu husema zitafika, bwana," yule mnene akamsahihisha kwa upole.

"Zitafika," akasema fundi wa mageti, na akamuuliza upana wa lango.